Joto la Mombasa: tafuta upepo kabla ya kununua feni ya tatu

Ndugu, umeuliza sisi tuliotoka bara tunamudu vipi joto la huku. Unasema umehamishwa kikazi kutoka Limuru mwezi huu wa Januari, usiku hulali, mtoto amejaa vipele shingoni, na feni mbili ulizonunua "zinasukuma joto tu". Mimi nilishuka kutoka Nyahururu miaka sita iliyopita, tena Januari hiyo hiyo, na makosa yako yote nimeyapitia. Nivumilie, nitaandika marefu.

Kwanza, umekuja kaskazi imeshika, msimu mgumu kuliko yote kwa mgeni. Mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hilo peke yake si la kutisha, Garissa hupita hapo. Shida ni usiku. Joto hushuka hadi 24 au 25 tu, na hewa imelowa unyevu wa bahari. Jasho humpoza mtu linapokauka, na huku halikauki, linakutiririka mgongoni bila faida. Wenyeji huliita fukuto. Nilipolijua hilo neno niliacha kuangalia nyuzi kwenye simu, nikaanza kuuliza habari za upepo.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Kisauni, orofa ya juu kabisa, chini ya slabu. Niliipendea vigae, na dalali aliapa kwamba huko juu kuna hewa. Chumba cha kulala kilitazama magharibi. Jua la alasiri lilichapa ukuta ule mpaka likazama, kisha usiku kucha ukuta ukawa unalirudisha joto ndani. Saa sita usiku ukiuwekea kiganja ni kama umegusa birika la chai. Nikanunua feni, halafu nyingine. Lakini feni haipoozi hewa, inaisogeza tu, na chumba kikiwa kimefungwa kama debe utabaki kuzungusha hewa ile ile.

Aliyenitoa gizani ni jirani wa chini, bibi mmoja mzaliwa wa Mji wa Kale. Usiku mmoja maji ya mfereji yalikuja saa nane (ndiyo saa zake), akatoka na madumu yake akanikuta nimekaa ngazini najipepea kwa kifuniko cha ndoo. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Mwanangu, upepo kwako waingia wapi na watoka wapi?" Sikuwa na jibu. Akanieleza jambo ambalo mtoto wa hapa hulijua bila kufundishwa: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili hutokea upande wa bahari, kwa hiyo mwezi wowote ule hewa inabisha hodi mashariki. Nyumba isiyo na dirisha upande huo, na tundu la kutokea upande wa pili, haina pumzi.

Miezi mitatu baadaye nilihamia mtaa wa nyuma, orofa ya kwanza, sakafu ya saruji tupu, kodi ya chini kidogo. Nililala. Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba, usiende asubuhi. Nenda saa tisa au saa kumi mchana, uguse ukuta wa magharibi, ufungue madirisha yote na uone kama pazia linatikisika.

Kama mkataba umekufunga, hamishia vitanda chumba cha mashariki hata kama ndicho kidogo. Lile dirisha la magharibi lizibe jua kwa nje, si kwa pazia la ndani, maana jua likishapita kioo limekwisha kuingia. Feni moja ielekeze dirishani iwe inatoa hewa nje jioni, nyingine ikupulize wewe. Na ule mfuko wa nailoni ulioachwa kwenye godoro jipya ili lisichafuke, uondoe leo! Mimi nililalia nailoni miezi miwili, nikiamka kama samaki wa kupaka. Shuka ziwe za pamba. Oga kabla ya kulala, usijifute sana, ukae mbele ya feni na leso mbichi mabegani.

Kiyoyozi? Kinakausha hewa pia, ndiyo maana kinafaa kuliko feni. Lakini kinakula umeme, na tokeni zangu haziwezi. Ukiwa nacho, kiwe cha chumba cha kulala tu.

Mtoto sasa. Hivyo vipele vinaitwa harara. Sisi wa bara tuna tabia ya kumpaka mtoto mafuta mazito ya mgando mpaka ang'ae, na huku ndiyo yanayoziba vinyweleo. Acha kabisa. Muogeshe maji ya kawaida mara mbili au tatu kwa siku, umkaushe mikunjo ya shingo, umvishe fulana ya pamba au umwache kifua wazi. Losheni ya kalamini hutuliza mwasho. Ila akichemka mwili, usiseme ni joto la Pwani. Mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo, maana watoto wetu wa nyanda za juu hawana kinga nayo. Neti msiiache hata ikikera. Tafuteni ile pana ya mstatili badala ya ya duara, hewa hupita vizuri zaidi.

Wewe mwenyewe, mwili utazoea kiasi baada ya wiki moja au mbili: utaanza kutoka jasho mapema zaidi, nalo litapungua chumvi. Mpaka hapo usijitie ushujaa. Maji kunywa kabla kiu haijakuuma. Madafu ni mazuri, ila yana chumvi kidogo kuliko jasho lako, kwa hiyo kula chakula chenye chumvi pia. Kazi nzito ifanye kabla ya saa nne. Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, joto limekolea, na majirani zangu walifunga bila tone la maji. Hawakuwa na siri yoyote: walitembea upande wa kivuli, polepole, na adhuhuri walilala.

Umeuliza pia joto hili litaisha lini. Mapema Machi jua hupita karibu kabisa na utosi wetu, kwa hiyo bado. Masika ya Aprili na kusi ndiyo vitakuokoa. Julai utawaona wafanyakazi wenzako wamevaa sweta, utacheka. Mimi nilicheka miaka mitano. Julai iliyopita niliamka saa tisa usiku kutafuta shuka ya pili.