Akishaingia mjengoni atatukumbuka?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi mwalimu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Katibu wetu wa tawi la chama cha wafanyakazi anataka ubunge, na pale kijiweni kwetu Majengo kila jioni ni ubishi, wengine wanasema Kawawa alianza hivohivo na akafika mbali, wengine wanasema akishapanda V8 hata simu hapokei. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wako sahihi, ila kila upande umemchukua Kawawa nusu.

Rashidi Kawawa, mtu wa Songea, kazaliwa 1926, kasoma Tabora, akaajiriwa na serikali ya mkoloni, hata filamu kacheza (vijana mkiambiwa hamuamini). Sasa mtumishi wa serikali enzi zile haruhusiwi kuingia TANU, chama cha Nyerere cha kudai uhuru, kwa hiyo pa kusemea pakabaki chama cha watumishi Waafrika, TAGSA, akapanda mpaka akawa rais wake. 1955 vyama vya wafanyakazi vikaunda shirikisho la TFL, katibu mkuu wa kwanza yeye, alafu akaacha kazi serikalini, mshahara wa uhakika ule, siyo mchezo. 1957 yuko Baraza la Kutunga Sheria. Januari 1962 Nyerere anajiuzulu uwaziri mkuu akakijenge chama, kiti anamwachia nani? Huyohuyo katibu wa wafanyakazi, umri miaka 35.

Sasa nusu ya pili. Mwaka huohuo 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Bunge likapitisha sheria ya migogoro ya kazi, kila dai lipitie kwanza usuluhishi na maamuzi ya serikali, yani mgomo halali ukabaki jina tu. Wapo wanaomwita msaliti, mi siendi huko, nadhani aliamini kabisa kwamba nchi changa haiwezi kujengwa huku watu wamegoma. Ila ona ilikofika: 1964 baada ya maasi ya jeshi vyama vya wafanyakazi vikafutwa ikabaki NUTA peke yake, chama kimoja cha wafanyakazi wote, katibu mkuu anateuliwa na Rais, na huyo katibu mkuu, Michael Kamaliza, ndo huyohuyo Waziri wa Kazi. Ukiwa na dai lako unalipeleka wapi hapo?

Mwenzake Kasanga Tumbo, yule wa reli aliyeongoza mgomo mrefu wa 1960, naye aliingia bungeni lakini hakunyamaza. Wakampa ubalozi Uingereza 1962, akajiuzulu mwaka huohuo, akarudi kuanzisha chama cha upinzani, mwisho wake kizuizini.

Kwa hiyo katibu wenu msimuulize kama atawakumbuka, atasema ndiyo, nani atasema hapana? Muulizeni kikokotoo, ile hesabu ya kupiga mafao ya mstaafu. Sheria ya kuunganisha mifuko ya pensheni ilipita hapohapo mjengoni Dodoma 2018, ikaja kanuni ya kumpa mstaafu mkupuo wa asilimia 25, watumishi wakapiga kelele nchi nzima, Desemba Rais Magufuli akaisitisha. Kelele zilizosikika zilikuwa za huku nje, kwenye ofisi na shule, na ndani mle walikuwemo wabunge waliowahi kushika chaki. Basi muulize: siku kikao cha wabunge wa chama chake kimeshakubaliana kuunga mkono, na kinachokwenda kupitishwa kinakata mafao ya walimu, anafanyaje? Akianza kuzunguka jibu umelipata. Alafu mapema mtafuteni wa kumrithi tawini, mtu mkali, asiyekuwa shemeji yake, maana mnaendelea kukatwa ada ya chama kwenye mshahara awe bungeni asiwe bungeni.

SWALI: Kwani hawezi kugombea kwa tiketi ya chama cha wafanyakazi chenyewe, aachane na siasa za vyama? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Hawezi. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania hilo la mgombea binafsi, yani asiye na chama cha siasa, miaka na miaka, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki, ila ibara ipo vilevile. Kwa hiyo kabla ya kura yako wewe na walimu wenzako, katibu wenu kwanza apite kura za maoni ndani ya chama chake cha siasa, na kule wanaopiga ni wajumbe, na wajumbe unawajua.