Maswali na majibu: Mchezo wetu wa nyimbo unageuzwa filamu, tukate nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika mchezo wa kuigiza wa nyimbo ambao kikundi chetu kimeucheza kwa miaka kadhaa, na wapo watazamaji wanaozijua nyimbo zake zote kwa ghibu. Sasa amejitokeza mtayarishaji anayetaka kuugeuza filamu. Mchezo una nyimbo 19 na unachukua saa mbili na nusu ukiacha mapumziko; yeye anataka filamu ya saa mbili. Nikate nyimbo zipi? Na waigizaji waimbe pale pale mbele ya kamera, au tutangulie studio kurekodi? Naogopa kuuharibu mchezo ambao watu wanaupenda.

JIBU: Marahaba. Kukata usianze bado. Kwanza nenda ukaketi ukumbini pamoja na watazamaji, ukiwa na mswada na penseli, uweke alama kila mahali wanapopiga makofi, wanapocheka na wanapokaa kimya kabisa. Fanya hivyo kwa maonyesho zaidi ya moja. Alama hizo ndizo zitakazokuonyesha filamu itayumba wapi, kwa sababu mchezo wa nyimbo hujengwa ukimtegemea mtu aliyemo ukumbini. Makofi yake ni sehemu ya muziki ingawa hayakuandikwa kwenye nota. Kwenye filamu hayapo, na kila yalipokuwa panabaki pengo.

Angalia mwisho wa wimbo. Jukwaani mwimbaji anaishikilia noti ya mwisho, okestra inapiga pigo moja la kufunga, taa zinabadilika, ukumbi unalipuka. Katika sekunde hizo za shangwe yanafanyika mengi: mwimbaji anapata pumzi, meza inaondolewa, mwenzake anaingia, nasi tunakubali kwamba jambo lile limekwisha na linakuja jingine. Sasa lipige tukio hilo hilo kwa kamera bila kubadili kitu. Pigo la kufunga linalia, kisha kimya. Binti amesimama mikono juu, hakuna anayemwitikia, na mtazamaji anaona haya kwa niaba yake. Nimeona nyimbo nzuri zikifia hapo katika chumba cha uhariri, na watu wakailaumu sauti ya mwimbaji, kumbe tatizo lilikuwa kwenye sekunde nne za mwisho tu.

Tuseme wimbo wako ni wa binti anayeamua kuondoka kwao, na noti ya mwisho inashikiliwa kwa mapigo manane. Unaweza kulifuta pigo la kufunga na kuziacha ala ziendelee chini kwa chini mpaka ndani ya mazungumzo yanayofuata. Unaweza kuikata picha noti ikiwa bado inalia, kwenye pigo la tano au la sita, na picha mpya ikamkuta tayari yuko barabarani, sauti yake ikimalizikia huko. Au mama yake afungue mlango kabla noti haijaisha. Mimi huipenda zaidi njia hii ya tatu, maana hapo hadithi yenyewe ndiyo inayoukatiza wimbo. Vyovyote utakavyochagua, mwombe mtunzi wa muziki arekodi miisho miwili ya kila wimbo, mmoja wa kufunga na mmoja ulioachwa wazi. Mkiwa studio ni kazi ndogo. Wanamuziki wakishatawanyika ni gharama ya kuwaita upya.

Na makofi ya kufunga mchezo nayo yana kazi yake. Little Shop of Horrors, ulioanza jukwaani mwaka 1982, unaisha kwa mmea unaokula watu kuwameza wapenzi wawili tuliowashangilia tangu mwanzo. Frank Oz alipoutengenezea filamu iliyotoka mwaka 1986, aliupiga mwisho ule ule, na watazamaji wa majaribio wakaukataa kabisa. Sababu aliyoieleza ni kwamba jukwaani waigizaji hurudi kuwainamia watazamaji, ukawaona wazima, lakini kwenye filamu aliyekufa haonekani tena. Ikabidi mwisho upigwe upya, wapenzi wakapona. Kama mchezo wako una kifo ambacho watu wamekizoea jukwaani, jiulize ni kiasi gani cha mazoea hayo kinatokana na kumwona marehemu akitabasamu dakika mbili baadaye.

Kuna swali hukuliuliza, nalo linayatangulia yote mawili: kwa nini watu wako wanaimba? Jukwaani hakuna anayehoji, maana okestra iko pale, miti ni ya mbao, na kila mtu ameshakubali kwamba huu ni mchezo. Kamera inaonyesha barabara ya kweli yenye vumbi la kweli, na humo mtu anaanza kuimba. Lazima filamu iweke sheria yake mapema, ndani ya dakika kumi za kwanza, kisha iishike. Bob Fosse, katika Cabaret ya mwaka 1972, aliziweka karibu nyimbo zote juu ya jukwaa la klabu, mahali ambapo watu huimba kweli. Wimbo mmoja tu unaimbwa nje, kwenye bustani ya bia, na anayeuanzisha ni kijana wa Kinazi. Unatisha sana kwa sababu ndio unaovunja sheria ile. Rob Marshall naye alipoichukua Chicago, ambayo Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, iliiona mwaka 1975, aliziingiza nyimbo nyingi kichwani mwa Roxie, mwanamke anayeyaona maisha yake kama maonyesho. Filamu hiyo ya 2002 ilipata Oscar ya filamu bora. The Sound of Music haikujificha hata kidogo: mwanamke anaimba peke yake mlimani tangu mwanzo, na ndivyo dunia ile ilivyo. Njia zote tatu zinafaa. Isiyofaa ni ya nne, inayopendwa na watayarishaji waoga, ambayo nyimbo zinapunguzwa sauti na kuharakishwa kana kwamba kuimba ni aibu. Watu wanalipa kiingilio waje wasikie nyimbo.

Sasa tukate. Anza na mazungumzo. Kila sentensi ya kueleza mtu ametoka wapi, ni tajiri au maskini, amechoka au amelewa, kamera inaimaliza kwa picha moja. Ukisafisha mswada hivyo utashangaa ni dakika ngapi umezipata kabla hujagusa wimbo hata mmoja. Halafu tafuta nyimbo zilizozaliwa kwa sababu za jukwaa. Michezo mingi ina wimbo unaoimbwa mbele ya pazia ili nyuma yake watu wapate nafasi ya kubadilisha mandhari. Kuna wimbo wa kufungua sehemu ya pili, ambao kazi yake ni kuwarejesha watu vitini baada ya mapumziko. Kuna marudio ya wimbo yanayomkumbusha mtazamaji alichokisikia saa moja iliyopita. Hizo ndizo za kwanza kuondoka au kubaki ubeti mmoja, hata kama zina mashabiki.

Wimbo unaokusumbua usiukate kabla hujajaribu kuuhamisha. Kwa hili naomba ukae na mfano mmoja. Katika The Sound of Music ya jukwaani, ya mwaka 1959, "My Favorite Things" inaimbwa na Maria pamoja na mama mkuu wa watawa, huko huko kwenye nyumba ya watawa, kabla Maria hajaenda kuwalea watoto. Ni wimbo mtamu, ila hapo haubadilishi kitu. Filamu ya 1965 ikauhamishia usiku wa radi, watoto wanamkimbilia Maria chumbani kwake, naye anawaimbia ili hofu iwatoke. Maneno ni yale yale na sauti ni ile ile, lakini sasa wimbo una kazi: watoto walioingia wakiwa wageni kwake wanatoka wakiwa wake. Wimbo wa mchunga mbuzi, ambao jukwaani ndio uliokuwa wa usiku ule wa radi, ukahamishiwa kwenye onyesho la vikaragosi. West Side Story ilibadilishana nafasi za nyimbo mbili kwa nia hiyo hiyo. Jukwaani mwaka 1957 vijana waliimba wimbo wa mzaha juu ya polisi baada ya mapigano yaliyoua watu. Filamu ya 1961 ikautanguliza mzaha, na "Cool", wimbo wa kujizuia hasira, ukaja baada ya damu kumwagika. Les Misérables ya 2012 nayo iliusogeza "I Dreamed a Dream" mbele, ukaja Fantine, mama fukara anayeuimba, akiwa ameshauza nywele zake na mwili wake. Kwa hiyo ziandike nyimbo zako 19 kwenye karatasi 19, uzitandaze mezani, uzisogeze.

Mtayarishaji huenda akakudai wimbo mpya. Jua kwamba tuzo ya Oscar ya wimbo hutolewa kwa wimbo ulioandikwa kwa ajili ya filamu yenyewe, kwa hiyo zile zinazopendwa jukwaani haziwezi kushindana. Ikiwa sababu ni tuzo tu, kataa kwa heshima. Ikiwa kuna pengo la kweli, andika. Richard Rodgers, mtunzi wa muziki wa The Sound of Music, aliiongezea filamu yake nyimbo mbili, maneno akayaandika mwenyewe kwa kuwa Oscar Hammerstein, mwandishi wa mashairi yake, alikwishafariki mwaka 1960, na wakati huo huo nyimbo tatu za jukwaani ziliachwa.

Mapumziko yanahitaji uangalifu wa pekee. Wimbo wako mkubwa kuliko yote bila shaka ndio unaofunga sehemu ya kwanza, na baada yake watu hutoka nje kupunga hewa. Wicked iliimaliza taabu hiyo kwa kugawa mchezo filamu mbili, ya 2024 na ya 2025, ya kwanza ikiishia pale pale pazia linaposhuka jukwaani. Wewe mwenye saa mbili huna nafasi hiyo. Baada ya wimbo ule weka tukio dogo, la watu wawili, lenye sauti za kawaida na ikiwezekana bila muziki kwa dakika nzima. Masikio yanahitaji kupoa.

Kuhusu kuimba mbele ya kamera au kurekodi kwanza, changanya. Njia ya studio ni kongwe na bado ina manufaa, hasa kwa nyimbo za kucheza: anayeruka na kuzunguka hawezi kuimba kwa pumzi safi, na mhariri anahitaji mapigo yasiyobadilika ili aunganishe picha zilizopigwa siku tofauti. Njia ya pili huufaa wimbo wa mtu mmoja na huzuni yake. Katika My Fair Lady ya 1964, mwigizaji mkuu Rex Harrison alikataa kufuatisha midomo kwa sauti iliyorekodiwa, maana nyimbo zake alikuwa akizisema zaidi ya kuziimba na hakuzisema kwa namna moja mara mbili. Ikabidi afichiwe maikrofoni isiyo na waya kwenye tai. Katika filamu hiyo hiyo sehemu kubwa ya nyimbo za mwigizaji mwenzake, Audrey Hepburn, iliimbwa na mwimbaji mwingine, Marni Nixon, asiyeonekana. Les Misérables ya Tom Hooper ilikwenda mbali zaidi: waigizaji waliimba papo hapo wakisikia piano kwenye kispika kidogo sikioni, mpigaji akiwafuata wao, na okestra ikarekodiwa baadaye ikizifuata sauti zao. Uzuri wake ni kwamba mwigizaji anaweza kunyamaza, akalia, akaendelea.

Gharama yake ni kwamba kila mara anaporudia, mwendo unabadilika, na huwezi kubandika nusu ya mara ya pili juu ya nusu ya mara ya tano. Basi ukiimbisha papo hapo, weka kamera mbili au tatu kwa wakati mmoja, zima kila feni na jenereta, na viatu vipigwe soli laini. Ukitumia sauti ya studio, usirekodi kabla waigizaji hawajalifanyia mazoezi tukio lenyewe wakiwa wamesimama na kutembea, la sivyo hisia zitakuwa zimeamuliwa na mtu aliyesimama peke yake mbele ya maikrofoni. Na siku ya kupiga picha waimbe kwa sauti kamili hata kama haitatumika. Shingo na kifua cha mtu anayeimba kweli huonekana, na cha anayechezesha midomo huonekana pia.

Uigizaji utapungua ukubwa, hilo waigizaji wako watajifunza haraka. La kufikiria kwa makini ni nani abaki. Ben Platt ndiye aliyeianzisha Broadway nafasi ya Evan Hansen, kijana wa sekondari katika mchezo Dear Evan Hansen, lakini katika filamu ya 2021, akiwa amevuka miaka 25, wahakiki wengi walishindwa kumwamini kuwa mwanafunzi wa sekondari. Safu ya mbele ukumbini iko mita kadhaa kutoka usoni, kamera iko karibu kama mtu anayekunong'oneza. Ndiyo sababu pia paka wa Cats, waliokubalika jukwaani wakiwa watu waliovaa na kujipaka rangi, waliwasumbua watazamaji wa filamu ya 2019 walipovishwa manyoya ya kompyuta. Tulipoombwa tuwaze, tuliwaza wenyewe. Tulipoonyeshwa, tukaanza kukagua.

Hakimiliki isomeshe wakili kabla ya lolote. Ruhusa ya kucheza jukwaani haigusi filamu, na mwandishi wa mchezo, mtunzi wa muziki, mwandishi wa mashairi na mbunifu wa uchezaji kila mmoja anaweza kuwa na haki yake. Mkataba utaje kwa jina nani anaruhusiwa kubadili noti au neno la wimbo.

Na kwa hofu yako ya kuuharibu, nina ushauri mmoja, nao nakuomba uutekeleze kabla kikundi hakijatawanyika. Urekodini mchezo kama ulivyo, ukumbini, watu wakiwepo. Hamilton, mchezo wa nyimbo wa Broadway, ilirekodiwa hivyo mwezi Juni 2016 na waigizaji wake wa kwanza, ikatolewa kwa watazamaji mwaka 2020. Tumieni maonyesho mawili mbele ya watazamaji, kisha siku moja ukumbi ukiwa mtupu ili kamera zipande jukwaani kupiga nyuso kwa karibu. Mkiwa na rekodi hiyo, wanaoupenda mchezo watakuwa nao wote, na wewe utaingia kwenye mswada wa filamu ukiwa huru kuhamisha unachotaka.