Mdogo Wangu Anakwenda Saudia: Serikali Itamlinda Vipi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mdogo wangu wa kike amepata wakala hapa Uganda anayemwahidi kazi za ndani mjini Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili. Wakala anataka apande basi hadi Nairobi na kuondokea huko, akidai kwamba Entebbe karatasi huchelewa. Mama amekwisha kubali. Je, akipata matatizo, serikali yetu itamsaidia vipi? Na kwa nini husemwa kwamba Wafilipino hulindwa kuliko sisi?
— Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali mzuie mdogo wako asipande basi hilo. Ulinzi wa Uganda kwa raia anayekwenda kyeyo, yaani kazi za ng'ambo, hutegemea zaidi yale yaliyofanyika kabla hajaondoka: kampuni iliyopewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, mkataba uliosajiliwa huko, na mafunzo ya kabla ya safari. Anayepitishwa Nairobi ili kukwepa hayo hufika Riyadh bila jina lake kuwamo katika daftari la wizara, wala hakuna kampuni itakayoulizwa habari zake. Wakala wa namna hiyo anastahili kuripotiwa polisi, kwa kuwa tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2009.

Hata kwa njia halali, mkono wa serikali hauendi mbali. Uganda ilitia saini makubaliano na Saudia mwaka 2015, ikasimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa ndani mwanzoni mwa 2016 kwa sababu ya malalamiko ya mateso, kisha ikauruhusu tena mwaka 2017 kwa makubaliano mapya. Lakini kule mfanyakazi wa ndani hufungamanishwa na mwajiri wake chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini, na akitoroka nyumba hiyo anaweza kuandikishwa kuwa mtoro hata kama amekimbia kipigo. Saudia ilipolegeza masharti ya kubadilisha mwajiri mwaka 2021, wafanyakazi wa ndani hawakuhusishwa. Ubalozi wetu Riyadh unaweza kumtetea na kumpatia hati ya safari. Hauwezi kuingia ndani ya nyumba ya mtu na kumtoa.

Ufilipino nayo haina mabavu ya kuvunja milango ya watu. Tofauti yake ni kwamba imemwekea mfanyakazi wake mtu wa kudaiwa huko nyumbani, na fedha za kumrudisha. Tangu miaka ya 1970 ina mfuko wa ustawi unaochangiwa dola 25 za Marekani kwa kila mkataba. Sheria yake ya mwaka 1995, iliyopitishwa kwa uchungu baada ya Singapore kumnyonga mfanyakazi wa ndani Flor Contemplacion, inaifanya kampuni ya Manila iliyompeleka mfanyakazi iwajibike pamoja na mwajiri wa ng'ambo, hivi kwamba mshahara usiolipwa Riyadh hudaiwa Manila. Sheria iliyosainiwa mwishoni mwa 2021 iliwaundia wizara yao wenyewe. Bado Wafilipino huteswa, tena wengi. Lakini anayeteswa anajua mlango wa kubisha. Sisi tumeziachia kampuni binafsi sehemu kubwa mno ya mzigo huu, na naona ni makosa: fedha wanazotuma mabinti hawa zinasomesha watoto na kujenga nyumba katika kila wilaya, nao wanastahili mfuko wa namna hiyo.

Kama bado anataka kwenda, nendeni wizarani, Kampala, mkathibitishe leseni ya kampuni na usajili wa mkataba. Bakini na nakala za pasipoti na mkataba, pamoja na jina, anwani na simu ya mwajiri. Akinyamaza au akilalamika, iandikieni kampuni barua siku hiyohiyo, mpeleke nakala wizarani na ubalozini, na mdai mhuri wa kupokelewa, kwa sababu malalamiko ya mdomo husahaulika upesi.