Jibu: Mashine ya mionzi ya kufanya mbu tasa (dada, rudisha neti kwanza)

Dada wa Apac, huko kaskazini mwa Uganda, unasema kuna jamaa anakuuzia kisanduku cha taa ya bluu, eti kinatoa mionzi inayofanya mbu wawe tasa, na umeshaanza kukunja neti za watoto. Rudisha. Leo hii.

Hicho kisanduku mimi nilikinunua. Nina kigesti Lira, akaja kijana shati jeupe limepigwa pasi, ana makaratasi yenye picha ya mbu na ile alama ya mionzi, Kiingereza kinamtoka mpaka nikaona aibu kuuliza. Akasema wazungu wa Austria wanafanya hivihivi. Hapo ndipo aliponishika mshenzi yule, maana Austria kweli wanafanya, kuna maabara ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na IAEA (shirika la nguvu za atomiki) pale Seibersdorf. Nikatoa hela ya mbuzi wawili, na kwa vile "mbu wataisha wenyewe" nikashusha neti vyumba vyote, hata cha wanangu, nikajiona gesti sasa ya kisasa.

Usiku kisanduku kinalia pa! pa! mimi huyo nafurahia msiba wa mbu. Asubuhi mama watoto akavuta trei ya chini: nondo, kumbikumbi, vidudu vya mabawa magumu, mbu wa kutafuta kwa tochi. Mbu jike anatafuta pumzi yako na harufu yako, taa yako haimhusu. Haukupita muda kitindamimba wetu akalazwa, malaria imemmaliza damu mpaka akaongezewa, na mgeni mmoja akanipigia kutoka Soroti kunitukana, nikamwacha amalize. Hela ya mbuzi nimesamehe. Ile wodi bado.

Baadaye ndio nikakaa kusoma. Wenzetu wanafuga mbu maabara, wanatenga madume, wanawapiga mionzi ya gama ya kobalti-60 au eksirei wakiwa bado pupa (hatua ya mwisho majini kabla ya kuota mabawa) au wametoka tu, halafu wanawaachia nje. Dume haumi, anakunywa utamu wa maua. Akimpanda jike basi mayai hayaanguliwi, na jike wa anofelesi, yaani mbu wa malaria, kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Ukizidisha mionzi dume analegea, wa porini wanamnyang'anya majike, ukipunguza anazalisha. Na inabidi uachie wengi kuwazidi wa porini, tena na tena, eneo zima. Unguja waliwamaliza mbung'o hivyo miaka ya 1990, ndege zinamwaga madume kwa mamilioni, na kile ni kisiwa, mbung'o wenyewe aina moja. Sisi tuna aina tatu za anofelesi, gambiae, arabiensis na funestus, kila mmoja anataka madume wake. Hapo kwenu Apac watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, sasa taa ya ukutani itafanya nini jamani.

Halafu sikia hili, ndilo yule kijana alilificha au hata hakulijua: jike akipigwa mionzi akawa tasa BADO ANAUMA na bado anaambukiza. Ndio maana wanahangaika kutenga madume. Kwa hiyo hata kisanduku kingekuwa cha kweli, kingekuachia chumbani jike tasa mwenye njaa.

Neti haishuki. Aje mtu na taa, aje na mionzi, aje hata na mradi halali wenye makasha ya madume, neti haishuki. Akirudi mwulize swali moja tu, madume wako wako wapi? Kama hana mbu wa kuachia hana teknolojia yoyote.

 Na kama umeshampa advansi sema mapema, kuna jirani yangu alirudishiwa yake baada ya kumburuta muuzaji hadi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.