Je, ningoje mtoto wa jicho akomae?

SWALI

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 69, mkazi wa Kibosho, Moshi. Miaka minne iliyopita niliambiwa kliniki kwamba nina mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kulia limezidi. Nimepangiwa upasuaji mara mbili na mara zote nimeahirisha: kwanza kahawa ilikuwa inaiva, kisha mjukuu akawa na kipaimara. Ukweli ni kwamba naogopa, kwa sababu jirani yangu alipasuliwa jicho na mpaka leo halioni. Wengine hunishauri ningoje mtoto wa jicho akomae ndipo atoke vizuri. Mwezi uliopita nilirudishiwa ndoo yangu kwenye mtambo wa kikundi wa kumenya kahawa kwa kuwa nilikuwa nimechanganya mbichi na mbivu. Mwanangu aliyeko Arusha anataka nipasuliwe macho yote siku moja, niyamalize. Nifanye nini?

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Ninaanza na ile ndoo iliyorudishwa, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako la lini. Madaktari wa macho wa leo hawapimi wakati wa upasuaji kwa ukomavu wa mtoto wa jicho, bali kwa kiasi anachomzuia mtu kufanya kazi zake, na mkulima aliyechuma kahawa miaka yote asiyeweza tena kutambua punje iliyoiva amekwisha kuzuiwa vya kutosha.

Wanaokushauri ungoje hawasemi uongo. Wanasema jambo lililokuwa kweli enzi za wazazi wao. Zamani lenzi ya jicho, ambayo ikiingia ukungu ndiyo tunaiita mtoto wa jicho, ilitolewa nzima, hapakuwa na kitu cha kuweka mahali pake, na mgonjwa alimaliza maisha yake akivaa miwani mizito kama kitako cha chupa, kwa hiyo ilikuwa busara kusubiri mpaka mtu awe karibu haoni kabisa. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1949, pale daktari Harold Ridley wa London alipoweka lenzi ya bandia ndani ya jicho, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za vita vilikuwa vimekaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe mkubwa. Siku hizi daktari hupasua mahali padogo tu, huitoa lenzi iliyoingia ukungu, huuacha mfuko wake mwembamba, na ndani ya mfuko huo huweka lenzi mpya ambayo nguvu yake imepimwa kulingana na jicho lako mwenyewe.

Kungoja ndiko kunakoongeza ugumu. Lenzi iliyokomaa sana huwa ngumu, huhitaji kupasuliwa mahali papana zaidi, na jicho hukawia kupona. Tena inaweza kuvimba au kuvuja ndani, ikapandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea. Mtoto wa jicho huondolewa, lakini mshipa huo ukifa hakuna upasuaji unaourudisha, na hilo ndilo ninaloliogopa kwa niaba yako kuliko kisu chenyewe.

Kuhusu jirani yako, siwezi kusema kilichompata, wala sitakuambia kwamba upasuaji huu hauna hatari. Maambukizi ndani ya jicho hutokea, ingawa ni kwa nadra, na pia wapo watu ambao mtoto wa jicho alikuwa ameficha ugonjwa mwingine, kama presha ya jicho au madhara ya kisukari kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hivyo lenzi mpya ikawekwa mbele ya jicho lililokuwa limeharibika nyuma. Kwa hiyo usiulize kwa nini jirani haoni; muulize daktari hali ya nyuma ya macho yako ikoje, na unatazamia kuona kiasi gani baada ya hapo. Nyumbani kwako si mbali na KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako madaktari wa macho hutibu na pia hufundishwa. Maswali hayo kwao si mageni.

Mama yangu mzazi naye aliahirisha kama wewe. Alichoogopa ni kushuhudia kisu, kumbe hakuona kisu: alitiwa matone ya kupanua mboni, akachomwa ganzi, akalala macho akiona mwanga tu, na kabla nusu saa haijaisha akawa ametoka. Kesho yake, bandeji ilipofunguliwa, alishika upindo wa kitenge alichokuwa akikiita cha kahawia na kuniuliza ni nani aliyembadilishia, kwa maana kilikuwa cha zambarau. Mtoto wa jicho hutia rangi ya manjano katika kila kitu, polepole mno, hata mtu hajui alichopoteza.

Mwanao anakutakia mema, lakini kwa kawaida hupasuliwa jicho moja kwanza, na la pili baada ya majuma kadhaa, ili yakitokea maambukizi yasiyakute yote mawili. Baadaye utatia matone kwa muda wa kama mwezi mmoja, na majuma ya mwanzo utajiepusha na moshi wa jikoni, vumbi, maji machoni na kubeba mizigo mizito kama mkungu wa ndizi au majani ya ng'ombe. Jicho likianza kuuma zaidi, likawa jekundu au likafifia, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Kahawa, basi, msimu huu mwachie mtu mwingine ndoo. Juma hili nenda ukapimwe upya, maana vipimo vya miaka minne iliyopita havitoshi tena. Uchukue dawa zote unazotumia, hasa za kisukari na shinikizo la damu kama unazo, na kadi ya bima ikiwa unayo. Daktari akikuuliza unaonaje, usimjibu kwamba unaona kidogo tu. Msimulie habari ya ndoo kama ulivyonisimulia mimi.