Ukitoka Jumuiya, nani atalipisha ushuru kesho yake?

Swali la wiki hii lilikuwa: nchi ikiona jumuiya haiinufaishi, ijitoe au ivumilie? Wengi hulijibu kwa moyo. Kuna wa "tunanyonywa" na kuna wa "umoja ni nguvu". Mimi naomba tuanzie mlangoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mlango wa kutokea, umeandikwa katika Ibara ya 145 ya Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ni vizuri tuupime upana kabla hatujaanza kubeba magodoro.

Kwanza, Bunge la nchi inayotaka kuondoka lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, siyo theluthi mbili ya walioko ukumbini. Kwa Bunge la Taifa la Kenya lenye wabunge 349, hizo ni kura 233. Mbunge aliyekwenda msibani jimboni siku hiyo ni sawa na aliyesema hapana. Pili, Katibu Mkuu wa Jumuiya apewe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Katika miezi hiyo nchi inaendelea kudaiwa michango na kutii kila kitu kama mwanachama, na inaweza kuifuta taarifa yake kabla haijaiva. Muda ukiisha, mali za Jumuiya zinabaki kwa Jumuiya. Aliyeondoka hadai kitu. Waingereza walianza safari yao ya kutoka Umoja wa Ulaya kwa kura ya maoni ya 23 Juni 2016, asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Kizingiti chetu kiko juu zaidi, na kwa maoni yangu ndivyo inavyofaa.

Miezi 12 inaonekana mingi. Haitoshi, na sababu yake haizungumzwi kwenye majukwaa. Ofisa wa forodha wa Kenya, Uganda au Tanzania hakagui mzigo kwa sheria iliyotungwa na Bunge la nchi yake. Anatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyotungwa na Bunge la Jumuiya. Namna ya kukokotoa thamani ya mzigo, dhamana ya mzigo wa transiti, leseni ya wakala wa forodha, siku za mzigo kukaa ghalani, adhabu ya magendo: vyote vimo humo. Kitabu cha viwango vya ushuru kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya nacho ni cha Jumuiya: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kuna kundi la nne la asilimia 35. Nchi ikitoka bila kuwa na sheria yake mezani, mamlaka ya mapato itaamka na vifungu ambavyo mwagizaji yeyote mwenye wakili mzuri atavibishia mahakamani.

Waingereza waliliona hilo. Mwaka 2018 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzibeba sheria za Ulaya jinsi zilivyo na kuzifanya zao, ili wapate muda wa kuchambua zipi wabaki nazo. Hata hivyo, taarifa ya kujitoa waliyoitoa 29 Machi 2017 ilipaswa kuiva kwa miaka miwili, ikasogezwa mara tatu, wakatoka 31 Januari 2020, na bado wakahitaji miezi 11 ya mpito. Na hao wana watumishi wa kutosha wa kuandika sheria.

Sasa tuchukue lori moja. Limebeba vigae vya sakafu vilivyotengenezwa Tanzania, thamani yake dola 20,000, linavuka Namanga kwenda Nairobi. Leo lina cheti cha uasilia, yaani cha kuthibitisha kwamba mzigo ni wa ndani ya Jumuiya, kwa hiyo ushuru wa forodha ni sifuri. Inabaki VAT ya Kenya, asilimia 16, yaani dola 3,200. Itoe Tanzania kwenye Jumuiya, lori hilohilo liwe la mgeni. Bidhaa za kauri ziko kwenye kundi la 35, hivyo ushuru ni dola 7,000. VAT hukokotolewa juu ya thamani ukishaongeza ushuru, kwa hiyo asilimia 16 ya 27,000 ni 4,320. Jumla dola 11,320, mara tatu na nusu ya ile ya mwanzo, na sijagusa tozo ndogondogo. Mfanyabiashara aliyesajiliwa anaweza kuirudisha VAT kwenye hesabu zake za mwezi. Ushuru haurudi, unaingia kwenye bei ya kigae.

Mwenye mzigo mdogo ndiye ataumia kimyakimya. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasilia, kinachojazwa palepale mpakani bila kupitia wakala. Kwa mama wa maharage au vitunguu, cheti hicho ndicho faida ya Jumuiya anayoishika mkononi. Uanachama ukifa, cheti kinakufa nao, na njia za panya zinapata wateja wapya. Kuna watakaosema lipo Eneo Huru la Biashara la Afrika. Lipo, ila ushuru wake unashuka kwa hatua, na masharti yake ya uasilia si yale ambayo viwanda vyetu vimeyazoea.

Pamoja na hayo, malalamiko ni ya kweli. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, likiwamo la cheti cha kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, majirani wa Jumuiya wakiwamo, na Kenya ikalalamika. Lakini tuangalie vizuri nani alifanya nini. Mkataba haukumtuma yeyote kufunga mpaka. Ni nchi wanachama zilizojiamulia. Leo mwenye kuumia ana pa kushtakia: serikali yake inaweza kulipeleka jambo kwenye vikao vya kujadili vikwazo visivyo vya kiforodha (vizuizi vya biashara visivyo ushuru), na raia wa kawaida anaweza kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, mradi awahi ndani ya miezi miwili. Ukishatoka, zuio lilelile la mahindi huwezi tena kulishtaki huko, maana jirani hana tena ahadi ya Jumuiya kwako.

Halafu kuna kutoka kidogokidogo ambako tayari tunakufanya. Kila mwaka, kabla ya bajeti mpya kuanza Julai, mawaziri hukubaliana nchi ipi iruhusiwe kwa mwaka mmoja kutoza kiwango tofauti na cha pamoja, kwa bidhaa zipi. Anayetaka kulinda kiwanda chake anapata nafasi bila kuvunja nyumba. Tatizo ni kwamba maombi yamekuwa mengi mno, na mwenye kiwanda anayepanga kwa miaka mitano hajui kiwango cha mwaka kesho. Mimi ningeanza kukarabati hapo kabla ya kugusa Ibara ya 145.

Wanaochukulia kuondoka kuwa jambo jepesi wakumbuke ile Jumuiya ya kwanza. Ilikufa mwaka 1977 bila mpango. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, haukufunguliwa mpaka 1983. Mgawanyo wa mali ulisainiwa Mei 1984, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mali ilipata hesabu yake, watu haikuwa rahisi hivyo. Wastaafu wa Jumuiya hiyo nchini Tanzania walikuwa bado wanafuatilia mafao yao mahakamani miaka ya 2000.

Je, hakuna kutoka kunakofaa? Kupo, na tunao mfano. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa taarifa ya mwaka mzima. Nchi haiwezi kuwa ndani ya miungano miwili ya forodha yenye viwango tofauti vya ushuru kwa bidhaa za nje, na Tanzania ilikuwa na pa kuegemea: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Jumuiya mpya iliyokuwa inazaliwa Arusha. Soko la Misri bila ushuru ikalikosa, lakini Zambia na Malawi zilibaki kufikika kupitia SADC. Mali, Burkina Faso na Niger nazo, zilipotoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025, hazikuiacha faranga ya CFA, sarafu wanayotumia pamoja na baadhi ya majirani.

Na hata Tanzania haikutoka na kila kitu. Lori lake linalokwenda Lusaka leo lina Kadi ya Njano, ile bima ya magari yanayovuka mipaka, ya COMESA.