Kabla ya kuweka matriksi mahali pa namba, uliza v² imetoka wapi

Ukitaka kuhamisha densiti za uwezekano za fizikia ya takwimu, kama ya Maxwell na Boltzmann au ya Rayleigh, kutoka namba za kawaida hadi matriksi, usianze na e yenye v² kwenye kipeo chake (v ni kasi, kwa mfano ya molekuli). Sehemu hiyo haina taabu. Penye v² juu ya e weka treisi (jumla ya namba za mshazari mkuu) ya XX′, ambapo X ni matriksi yako na X′ ni hiyohiyo ikigeuzwa safu za mlalo ziwe za wima; hiyo ni jumla ya miraba ya namba zote zilizomo katika X, nawe umemaliza.

Shughuli iko kwenye v² iliyosimama mbele ya e. Maxwell alipochapisha densiti yake mwaka 1860, hiyo v² haikutoka kwenye joto wala uzito wa molekuli. Ni jiometri tupu: velositi zote zenye ukubwa v zimekaa juu ya uso wa tufe, na eneo lake ni 4πv². Basi kwenye matriksi, nini kinashika nafasi ya uso huo? Jakobiani, yaani kizidishi cha ujazo unapobadili vigeu. X ikiwa na safu p za mlalo na q za wima, q isiwe chini ya p, na S = XX′, ukishajumlisha pande zote ambazo X inaweza kuelekea unapata:

dX = [π^(pq/2) / Γp(q/2)] |S|^(q/2 − (p+1)/2) dS

Hapa |S| ni ditaminanti ya S, na Γp ni funksheni ya gama ya vigeu vingi, ambayo p ikiwa 1 ni gama ya kawaida. Mimi sivuki hapa kabla ya kujaribu p = 1, q = 3. Kizidishi kinakuwa 2π, |S|^(1/2) ni v, dS ni 2v dv. Zidisha: 4πv² dv. Maxwell mwenyewe! Kila nikiliona jibu hilo nafurahi.

Ila jaribio hilo halitoshi, na hapa nasisitiza. Aliyeandika 1 badala ya (p+1)/2 atalipita bila kugundulika. Jaribu p = 2, uzidishe X kwa c. Upande wa kushoto unakua kwa c^(2q). Kulia, |S| inakua kwa c⁴, hivyo kipeo chake kinatoa c^(2q−6). S ina namba 3 zilizo huru, kwa hiyo dS inatoa c⁶. Zinalingana. Ukiweka 1, hazilingani.

Sasa rudisha e: umefika kwenye densiti ya matriksi S, ile ya Wishart ya mwaka 1928. Iandike S ya 2×2 kwa thamani zake za eigeni λ₁ na λ₂ (namba zinazoonyesha S inanyoosha kiasi gani kwenye mielekeo yake mikuu), na kizidishi |λ₁ − λ₂| kitajitokeza: thamani hizo hazipendi kukaribiana, tabia ileile ambayo mwanafizikia Wigner aliishughulikia miaka ya 1950 katika viwango vya nishati vya viini vizito vya atomu.